Mapiko na Kumbukumbu za Waliovuka Ruvuma

Historia ya kusini mwa nchi yetu, inapofundishwa shuleni, aghalabu husimuliwa kwa mawe na kwa mifupa. Mawe ni yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, misikiti na majumba ambayo tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mifupa ni ile ya Tendaguru, kilima kilichomo katika bara ya Mchinga, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mabaki ya mijusi wakubwa wa kale, wakawatwika wapagazi hadi bandari ya Lindi, na kuyapeleka Berlin yalikobaki mpaka leo. Katikati huwekwa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kisha kitabu hufungwa. Sisi tuliokulia Kitomanga, kando ya barabara iendayo Kilwa kutoka Lindi, twajua kwamba kitabu hicho hufungwa mapema mno. Baada ya vita hivyo ndipo walipozidi kuja majirani zetu wengi, nao hawakuja na mawe, wala hawakuacha mifupa ya kuwekwa katika jumba la makumbusho. Walikuja na ngoma, na vinyago vilivyofungwa ndani ya nguo.

Hao ni Wamakonde wa ng'ambo ya Mto Ruvuma, watu wa uwanda wa juu wa Mueda katika Msumbiji. Yafaa tuwatofautishe na ndugu zao wa Newala na wa upande huu wa mto, ingawa lugha zao zasikilizana na mila zao nyingi ni moja. Watu wa pwani waliwaita Wamawia, jina ambalo wao wenyewe hawakujipa na ambalo mara nyingi lilitamkwa kwa dharau. Uwanda wao ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa za Msumbiji kutiwa chini ya mamlaka ya Wareno. Jambo hilo lilikamilika karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kilichofuata chajulikana: kodi, kazi ya shokoa, na baadaye kilimo cha pamba kwa lazima, ambacho kilimfanya mkulima aache shamba la chakula chake ili alime zao ambalo bei yake ilipangwa na mwingine. Mtu aliyekuwa na miguu na giza la usiku alivuka mto.

Upande huu wa mto palikuwa na mkonge. Mashamba ya mkonge yalienea toka Tanga hadi Lindi, na hapa kwetu watu wangali wakilitaja shamba la Kikwetu kana kwamba ni mji. Mwajiri hakumwuliza mtu ametoka wapi. Alimpa namba na kipande. Ndiyo asili ya neno manamba, ambalo vijana wa leo hulitumia kama tusi bila kujua kwamba lilikuwa hesabu ya wanadamu. Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Mtu alipewa kiasi cha majani ya kukata kwa siku. Akikimaliza, siku yake iliandikwa, na asipokimaliza, siku ile ilikuwa imepotea ingawa jasho lilikuwa limetoka. Hivyo siku thelathini za kipande zingeweza kuwa siku arobaini au zaidi za jua. Tumeyasikia haya kwa wazee wengi, nao wote huyasimulia kwa namna moja: huanza kwa kucheka, na hunyamaza kabla ya kufika mwisho.

Kunyamaza huko ndiko tunakotaka kukuzungumzia. Wazazi hao walikuwa na nembo zilizochanjwa usoni, na bibi zao walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Hayo yalikuwa mapambo na heshima kwao, lakini katika soko la pwani yalikuwa kichekesho. Basi watoto waliozaliwa kambini hawakuchanjwa. Waliitwa kwa majina ya Kiislamu au ya Kikristo, walisema Kiswahili, na walipoulizwa asili yao wengine walijibu Newala, kwa kuwa Newala iko Tanzania. Katika kizazi cha tatu jibu hilo liliacha kuwa uongo wa kujihifadhi likawa imani. Tumefundisha wanafunzi ambao hawajui kamwe kwamba babu zao walivuka mto. Hakuna aliyewaficha kwa nia mbaya. Ni kwamba aibu, ikiachwa peke yake miaka hamsini, hufanya kazi ya moto wa nyika.

Kitu kimoja hakikunyamaza, nacho ni mapiko.

Lipiko ni kinyago cha kuvaliwa kichwani kama kofia ya chuma, kilichochongwa kwa mti mwepesi. Wachongaji wa ng'ambo walikipa sura ya mtu hasa: walibandika nywele halisi za binadamu, wakachora nembo za uso kwa nta ya nyuki, wakatoboa sehemu ya mdomo ili mchezaji apate kuona. Mwili wote wa mchezaji hufunikwa kwa nguo, na juu yake hufungwa njuga, hata kila hatua isikike. Hutokea porini, si uwanjani. Ngoma kubwa humwita, ngoma ndogo humjibu. Naye hukimbia, husimama ghafula, hutikisa mabega kwa mtetemo mdogo unaozishusha njuga sauti hadi kuwa mnong'ono, kisha huanza tena. Wanawake hukimbia kwa hofu, halafu hurudi wakiimba. Ilisemekana kwamba yule si mtu bali ni mzimu uliofufuka. Ni nani aliyemo ndani, mwanamke na asiyetiwa jandoni hakutakiwa kujua. Na wafundishwayo wari jandoni kuhusu jambo hilo si ya kuandikwa hapa.

Katika utoto wetu mapiko yalichezwa majira ya kiangazi, baada ya mavuno, wari walipotoka jandoni. Sisi watoto wa wenyeji tuliyatazama kwa mbali, na tulichokiona tulikiita uchawi. Tulipokuwa watu wazima ndipo mzee mmoja wa kijiji chetu, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika mkonge, alipotufumbulia macho. Alituambia kwamba hatukuwa tukitazama mizimu tu. Palikuwa na lipiko la Mreno mwenye pua ndefu na ndevu, aliyetembea kwa kuburura miguu na kuhesabu vichwa vya watazamaji. Palikuwa na askari aliyewakimbiza watu kwa kodi. Palikuwa na mwanamke mwenye ndonya, aliyepiga hatua fupi za mtu aliyebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni huku akipima kina cha maji kwa mguu. Mzee yule aliinuka akatuonyesha hatua hiyo: mguu wa kulia hutangulia, hupapasa, hurudi nyuma, hutangulia tena. Alisema kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyovuka Ruvuma.

Tulikuwa tumeutazama mto huo mara nyingi bila kuuona. Wataalamu wa sanaa wameandika kwa kirefu kuhusu sura za mapiko, na jinsi wachongaji walivyoingiza kila mgeni waliyemwona: Mzungu, Mhindi, askari, Myao. Lakini kwetu jambo kubwa lilikuwa hili, kwamba watu waliokosa mwandishi walikuwa wameiandika habari yao miguuni mwa mchezaji. Kalamu ya karani wa kambi iliandika namba. Mguu wa mchezaji uliandika safari.

Sanaa ya namna hii haikuishia kambini. Tarehe 16 Juni 1960 huko Mueda, wananchi walikusanyika mbele ya ofisi ya Wareno kuwasikiliza wajumbe wao, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, ambao walikuwa wametoka huku Tanganyika walikoishi kama wahamiaji. Wajumbe walikamatwa, watu wakapiga kelele, na askari wakafyatua risasi. Frelimo ilitaja watu wapatao 600 waliouawa; wanahistoria wa baadaye wametaja hesabu ndogo zaidi. Iwavyo, damu ile ilisikika huku kwetu. Vyama vya wahamiaji vilivyokuwa Tanganyika vilizaa MANU, nacho chama hicho kiliungana na vingine viwili mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuunda Frelimo. Yapasa wanafunzi wetu walijue hili: ukombozi wa nchi jirani ulipikwa kwa sehemu katika vyungu vya wakata mkonge.

Baada ya uhuru wa Msumbiji, watu wa Mueda walikuwa wakiliigiza tukio hilo hadharani, pale pale lilipotokea. Wanakijiji walijigawa: hawa wakawa Wareno, hawa askari, hawa wajumbe, na umati ukabaki kuwa umati. Filamu iliyotengenezwa mwaka 1979 na Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji, imeuhifadhi mchezo huo. Wanaomwigiza mkoloni humfanya mtu wa kuchekesha, na watazamaji hucheka, kisha risasi hulia na kicheko hukatika. Anayeyajua mapiko hawezi kuustaajabia ufundi huo. Mreno wa kuchekwa alikuwa amekwisha kuchezwa miaka mingi kabla.

Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, wimbi jipya la watu lilivuka. Wakimbizi wengi walipokelewa Rutamba, hapa hapa Lindi, na wapiganaji wakafunzwa Nachingwea. Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi. Waliobaki walikuwa wale wa zamani, wa mkonge, ambao makaburi ya wazazi wao yalikuwa upande huu. Pengine hao ndio waliosahauliwa zaidi, kwa sababu wakimbizi walikuwa na orodha, na wapiganaji walikuwa na nyimbo, lakini manamba wa zamani hakuwa na kimoja.

Huenda msomaji akadhani kwamba tunakitukuza kitu kidogo cha kijijini. Basi na tuvuke bahari. Vijana wa miaka ya 1970 waliojazana katika majumba ya sinema wanamkumbuka Bruce Lee. Wachache wanajua kwamba alizaliwa San Francisco mwaka 1940 kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni aliyekuwa safarini huko na kundi lake. Opera hiyo ni sanaa ya watu wa Guangdong, kusini mwa Uchina, nayo huchanganya uimbaji, uigizaji, mapigano na nyuso zilizopakwa rangi. Watu wa Guangdong walikwenda Marekani kutafuta dhahabu, kisha wakajenga reli. Na kama manamba wetu, waliandikwa kwa hesabu kuliko kwa majina. Kundi lao la kwanza la opera lilionyesha mchezo San Francisco mwaka 1852. Sheria ya Marekani ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na mlango huo haukuanza kufunguliwa hadi 1943. Hata hivyo, katika muda huo ambapo taifa halikuwataka, majumba yao ya michezo yalijaa watu, hasa katika miaka ya 1920.

Vizazi vya baadaye vilisahau. Wajukuu hawakusema Kikantoni, na mengi waliyoyajua kuhusu babu zao yalikuwa duka la dobi na hoteli. Lakini mavazi ya opera yalikuwa yamehifadhiwa katika masanduku. Mengi yamo leo katika Jumba la Makumbusho ya Anthropolojia la Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver. Wataalamu walipoyafungua masanduku, na kuyasoma matangazo ya zamani ya michezo, walikuta jamii nzima: nani alisafiri, kwa meli gani, nani alimlipa nani, wanawake walipanda jukwaani lini. Mwaka 2009 UNESCO iliitia opera ya Kikantoni katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu.

Tofauti yake na mapiko inafaa kuzingatiwa. Opera ile haikusimulia habari za reli. Ilisimulia wafalme na mashujaa wa kale, na historia ya wahamiaji imepatikana pembeni, katika masanduku na karatasi. Mapiko yalisimulia mkoloni wa jana na mto wa juzi. Kwa hiyo tuna mali kubwa kuliko waliyokuwa nayo Wachina wa San Francisco, ila hatuna masanduku. Vinyago vyetu viliuzwa kwa watalii, au vililiwa na mchwa.

Hapa hatuna budi kusema neno kuhusu jukwaa la taifa. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, lengo lilikuwa kutuondolea kasumba ya kuziona ngoma zetu kuwa ushenzi. Kazi hiyo ilifanyika, na tunaishukuru. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ilipandishwa jukwaani na kuwa ngoma ya Watanzania wote; ilichezwa katika viwanja vya ndege kuwapokea wageni na katika kila shule yenye ngoma tatu. Lakini ilipopanda jukwaani iliacha chini mafunzo yake. Yaliyobaki ni kiuno. Mtoto wa shule huko Mara au Kagera ameicheza sindimba asijue kama wenyewe ni watu wa wapi, sembuse kujua kwamba baadhi yao walivuka mto kwa hofu ya kiboko. Twaona kwamba ngoma inaweza kusahaulishwa kwa kuchezwa sana, kama inavyoweza kusahauliwa kwa kutochezwa.

Twarudi Kitomanga. Sisi walimu wachache, pamoja na wanafunzi wa sekondari, tulikusudia kutengeneza mchezo wa kuigiza unaotumia mapiko kueleza habari za waliovuka. Mfano tulikuwa nao: Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyachukua Majimaji na kuyaweka jukwaani katika Kinjeketile mwaka 1969, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wa Tanzania anayeweza kusema hajui vita vile vilihusu nini. Kinjeketile, hata hivyo, hakuwa na wazee wa kumkataza mwandishi. Sisi tulikuwa nao.

Wazee walikataa. Walisema kwamba lipiko si nguo ya kuvaliwa na kila mtoto, tena mbele ya wasichana, tena mchana. Wengi wetu tulihisi kwamba huo ni ukaidi, na mwenzetu mmoja akataka tuendelee bila ruhusa kwa hoja kwamba elimu haina siri. Hatukukubaliana naye. Mtu akikupa urithi wake, hupati haki ya kumvua nguo. Mashauriano yalichukua majuma, na mwisho wake ulikuwa wa busara: vinyago vya jando vibaki jandoni; mchongaji achonge vingine, visivyo na nywele za mtu, visivyopitishwa porini; wachezaji watokee wakiwa nyuso wazi na kuvivaa mbele ya watu, ili kila mtazamaji ajue kwamba huu ni mchezo wa kusimulia na si ule mwingine. Wasichana wakaruhusiwa kucheza. Wazee wawili wakasema hawatakuja kutazama. Walikuja wote wawili, wakakaa nyuma kabisa.

Siku ya jaribio la kwanza, alipotokea mwanamke mwenye ndonya, darasa zima liliangua kicheko. Hapo ndipo tulipotambua ukubwa wa kazi. Msichana aliyekivaa kinyago hakukivua wala hakutoka; alisimama hadi kicheko kikachoka, kisha akaanza hatua ya mtoni: mguu ukatangulia, ukapapasa, ukarudi. Wiki ile wanafunzi kadhaa walikwenda nyumbani kuuliza, na wanne wakarejea na habari ambazo hawakuwa nazo. Mmoja alikuwa ameonyeshwa kipande cha babu yake, kimekunjwa mara nne ndani ya Kurani.

Anayeona kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha na awatazame Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya. Mababu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani ile, na wajukuu wakazaliwa na kuzeeka Kenya bila kitambulisho, kwa hiyo bila haki ya kupiga kura, wala ya kumiliki ardhi kwa jina lao, wala ya kuajiriwa rasmi. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia wao. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtu wa namna hiyo anapoulizwa ofisini babu yake alikuja lini, kwa kazi gani, katika shamba la nani, jibu lake ni lazima liwe limehifadhiwa mahali fulani, na kwa watu wasiopewa karatasi mahali hapo ni vinywani mwa wazee, na katika miguu ya wachezaji.

Wazee wetu wa mkonge wamebaki wa kuhesabika. Katika jaribio la tatu mwanafunzi aliyeigiza nyapara alipita kati ya wenzake akiandika vipande vyao, haraka haraka, kila mtu siku yake. Mzee mmoja kati ya wale wawili wa nyuma alisimama. Alitembea hadi mbele, akamnyang'anya kijana kile kijitabu, akasema kwamba nyapara hakuandika hivyo hata siku moja. Akampanga kijana mahali pake, akawaamuru wakata mkonge waweke mafungu chini, akapita akiyahesabu kwa ncha ya fimbo. Mbele ya wa tano alisimama, akatikisa kichwa, akafunga kijitabu bila kuandika. Kisha akarudisha fimbo kwa kijana na kumwambia aanze upya, toka kwa mtu wa kwanza.